Bastola ya Mjomba na Chumvi ya Maombi

Ukipewa kitu cha watu ukiweke, kiweke. Usikioshe, usikisugue, wala usikiombee bila kuuliza, hata kama moyo unakuambia ni wema. Edah hakupata mtu wa kumwambia hivyo mapema, na ndiyo sababu Jumamosi moja alijikuta amesimama katika duka la silaha za kale hapa Birmingham, amekumbatia mkoba kama mtoto mwenye homa, huku uchumba wa mwanawe ukitaka kuvunjika mbele ya macho yake kwa ajili ya rangi ya kipande cha chuma.

Edah alikuwa mama wa mtoto mmoja, Alfayo, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha mabehewa ya treni kule Tyseley. Edah mwenyewe alitunza wazee majumbani kwao, kuwaogesha na kuwapikia. Walikaa Newtown kwenye fleti ya kaunsili, ghorofa ya juu, mahali ambapo lifti ikiharibika ndipo unapojua rafiki yako wa kweli ni nani. Mume wake alikuwa amefariki zamani, wakiwa bado nyumbani Vihiga, na tangu hapo Edah alikuwa amejitwika kazi ya kuwaza kwa niaba ya watu wawili. Mvua ikinyesha aliwaza mafuriko. Jua likitoka aliwaza kwamba mvua inajipanga. Alfayo akichelewa kazini, mama alipiga simu yake, isipopokelewa alipiga hospitali, na hospitali wakisema hawana mtu wa jina hilo aliwauliza wana uhakika gani.

Basi Alfayo alipomleta nyumbani msichana anayeitwa Orpha, muuguzi, mtoto wa watu wa Kongo ya mashariki wanaokaa Small Heath, Edah alimpenda na akaogopa papo hapo. Alimpenda kwa sababu alisalimia kwa mikono miwili na akala ugali mpaka akakwangua sufuria. Kilichomwogopesha hakukitaja. Alikuwa ameona kwenye taarifa za habari watu wa kule wakitembea barabarani na magodoro kichwani, na katika akili yake vita ilikuwa kama upele, mtu anaweza kuja nayo bila kujua.

Orpha alilelewa na kaka wa mama yake, mtu mrefu, mkimya, wa koti refu la kijivu, ambaye kanisani wote walimwita Mjomba Damien. Walisema yule mzee amepita vitani. Walisema kwa sauti ya chini, naye alipopita mlangoni hata watoto waliacha kukimbia.

Siku Edah na Alfayo walipokwenda Small Heath kujitambulisha, Mjomba Damien aliwakaribisha vizuri, akawapa samaki na wali, akangoja wamalize kunawa mikono. Kisha akasema:

"Mama Alfayo, ng'ombe tutaelewana. Mbuzi tutaelewana. Lakini kwa ukoo wetu kuko kitu moja. Mujomba anapewa bunduki."

Edah alicheka. Akaangalia huku na huku, akaona ni yeye peke yake anayecheka.

"Bunduki, Mjomba?"

"Ya zamani. Gobore, ile ya kupakia baruti kwa mudomo. Hata ndogo, hata bastola, haizuru. Babu zetu walisema, mwanaume anayetaka binti yetu atoe kwanza silaha yake, aitie mukononi mwa mujomba. Hapo tunajua hatakuja kumupiga."

"Mjomba, hapa ni Birmingham! Tutafungwa sote, na huyo binti atatuletea chakula jela."

Orpha akaeleza kwa upole kwamba silaha za kale za namna ile mtu anaruhusiwa kuziweka kama pambo la nyumba, mradi hana nia ya kuzipiga. Edah hakuridhika. Alimtuma Alfayo kituo cha polisi kuuliza, aliporudi akamtuma tena akaulize kwa askari mwingine.

"Na iwe na rangi yake ya kuzaliwa," Mjomba Damien aliongeza siku ile, akiinua kidole. "Isiwe imepakwa upya. Mutu anayeficha kutu ya bunduki, hata bibi yake atamufichia mambo. Nitaipeleka kwa mujuzi aiangalie, kama vile tunaangalia ng'ombe meno."

Alfayo alitafuta. Alizunguka maonyesho ya vitu vya kale mpaka akaipata bastola ya askari wapanda farasi, ya enzi za Malkia Victoria, iliyotengenezwa hapahapa Birmingham. Kitako chake kilikuwa cha mbao, shaba imezunguka kifyatulio, na uzito wake kama mchi wa kutwangia. Mtutu ulikuwa wa kahawia, lakini kahawia iliyochoka, imefifia kuwa kijivu pale mikono ya watu iliposhika kwa miaka mingi, na hapa na pale vishimo vidogo vya kutu ya zamani. Muuzaji alimwapia kwamba rangi ile haijaguswa tangu itoke kiwandani.

"Mathe, niwekee," Alfayo akamwambia mama yake. "Chumba changu kina unyevu. Usiiguse tu. Iache hivyo ilivyo."

"Mimi niiguse ya nini?" Edah akasema, na wakati ule alisema kweli.

Aliiweka kwenye kabati la boila, mtambo wa kupashia maji, pale anapokaushia taulo za jikoni, kwa sababu ndilo kabati pekee lenye ufunguo. Akafunga. Akaenda kupika. Sukuma wiki ikaungua. Akakaa kusoma Biblia, macho yakawa yanasoma mlango wa kabati. Mwisho akampigia Angeline, mwenzake wa kazi na wa kikundi cha maombi, mama ambaye akiombea chakula kinapoa.

"Edah, hebu ngoja," Angeline akasema. "Hiyo kitu imeua?"

"Sijui. Ni ya jeshi tu."

"Ya jeshi tu! Kwani jeshi walikuwa wanakorogea nayo uji? Imeua, dada. Na umeiweka wapi?"

"Na taulo."

"Na taulo za kupangusia vyombo! Yesu wangu. Na huyo msichana anatoka wapi tena?"

"Kongo. Mashariki."

Angeline akavuta pumzi ndefu, kama anayeanza kuombea chakula.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Ni msichana mzuri. Lakini vita inafuata watu, Edah. Angalia tu. Hata hajaolewa, bunduki imeshaingia kwako."

Maneno hayo yalimwingia Edah kama mwiba wa samaki. Kesho yake Angeline alimletea chumvi iliyoombewa na kikundi kizima, kwenye kopo la siagi, pamoja na maagizo. Aioshe kwanza kwa sabuni, atoe mafuta yote ya mikono ya askari. Kisha aipake maji ya chumvi, aombe, aiache. Asubuhi aangalie.

Asubuhi Edah alifungua kabati akapiga kelele. Mtutu mzima ulikuwa mwekundu. Aliupangusa kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikawa chekundu.

"Damu," alimwambia Angeline kwenye simu. "Inatoa damu."

"Si nilikuambia? Sugua! Usiihurumie!"

Wewe unayesoma unajua ilikuwa kutu. Na Edah angejua kama ingekuwa sufuria. Lakini mtu akishaogopa, hata mvuke wa chai anauona una macho. Alichukua waya wa kusugulia sufuria, akasugua polepole, akiomba, mpaka wekundu ukatoka. Kisha akapaka maji ya chumvi tena, akaifungia tena kwenye kabati, katika joto la boila na unyevu wa taulo. Ikawa ndiyo ibada yake. Kabla ya kwenda kazini, anasugua. Akirudi, anapaka. Bastola ikatoa damu, akasugua, ikatoa tena, lakini kila mara kidogo zaidi, na kila mara chini yake chuma kikawa cheusi-kahawia zaidi.

"Mathe, ile kitu iko poa?" Alfayo akauliza siku moja akivaa viatu vya kazi.

"Inapona," Edah akasema.

"Inafanya nini?"

"Nenda kazini, utachelewa basi."

Siku ilipoacha kabisa kutoa damu, Edah aliimwagia maji ya moto ya birika, akaikausha, akaipaka mafuta ya zeituni ya upako kutoka kichwani hadi miguuni kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ikang'aa. Hakukuwa tena na kijivu wala mabaka, ilikuwa kahawia moja iliyokolea kama maandazi ya kukaangwa vizuri. Edah akaifunga kwenye leso na kwa mara ya kwanza tangu iingie nyumbani akalala usingizi wa mtu mzima. Hakumwambia Alfayo. Aliwaza kwamba shukrani atazipata siku ya kuifungua.

Siku hiyo ilikuwa ile Jumamosi. Mjomba Damien alichagua duka moja katika mtaa wa zamani wa mafundi wa bunduki, si mbali na Newtown, wakakutana mlangoni wote wanne. Edah ndiye aliyebeba. Bastola ilikuwa chini kabisa ya mkoba, juu yake leso, juu ya leso bakuli la maandazi, na juu ya maandazi mwavuli. Na hapa nikuonye wewe mwenye kichwa kigumu: kitu kama hicho usikitoe barabarani hapa, hata kumwonyesha rafiki, hata kwa utani. Huyo anayekuona kupitia dirishani hajui kwamba ni mahari.

Mwenye duka aliitwa Sukhjinder, mama wa makamo, miwani moja kichwani na nyingine shingoni, Kiingereza chake cha Birmingham kizito kama supu ya dengu. Familia yao ilikuwa imeuza vitu hivyo tangu baba yake. Alitandika kitambaa laini mezani.

"Haya, tumwone bibi kizee mwenyewe," akasema, akiutazama mkoba.

Edah akafungua leso kwa madaha. Alfayo alipoiona bastola alifungua mdomo, akamwangalia mama yake, akaufunga.

Sukhjinder akashusha miwani ya kichwani, akachukua kioo cha kukuzia na kitochi kidogo, akainama. Alianza na alama za kiwanda zilizogongwa kwenye chuma. "Herufi zina makali. Vizuri. Hii haijapitishwa kwenye mashine ya kung'arisha, mashine hula herufi, zinakuwa kama zimelambwa." Mjomba Damien akatikisa kichwa kama mtu anayejua. Sukhjinder akaangalia matundu ya skrubu, akaangalia kingo za mtutu, akarudi kwenye mtutu tena. Akasema "Mmh." Akaugeuza. Akasema "Mmh" nyingine, ya namna tofauti.

Ukitaka kumuua mama wa kuwaza bila kisu, mwambie "Mmh" mara mbili.

"Tatizo langu ni hivi vishimo," Sukhjinder akasema. "Rangi ya kwanza inakaa juu ya chuma. Kutu ikija baadaye inaila rangi, inaacha shimo tupu, la kijivu. Lakini hivi vishimo vina rangi ndani, mpaka chini. Kwa hiyo shimo lilitangulia, rangi ikafuata."

"Kama kucha iliyovunjika halafu ukaipaka rangi juu," Orpha akamweleza mjomba wake, akionyesha kucha yake.

"Hasa," Sukhjinder akasema. "Na pale mikono inaposhika, rangi ilipaswa kuwa imekwisha. Hapa ni nzito kuliko kwingine." Akaweka kioo chini. "Samahanini. Rangi hii si ya asili. Sidhani hata ina umri wa maziwa yaliyo kwenye friji yangu."

Edah akaivuta leso karibu, kama anayetaka kuifunika bastola.

"Lakini nawaambieni ukweli," Sukhjinder akaendelea, macho yakiwaka, "sijaona kazi kama hii. Siku hizi watu wanachovya kwenye dawa. Hii imefanywa kwa kutu yenyewe, kwa mkono, ikapakwa, ikasuguliwa, ikapakwa tena siku baada ya siku, kwenye joto na unyevu, kisha ikazimwa kwa maji ya moto. Ndivyo mafundi wa mtaa huu walivyofanya zamani. Fundi wenu ni nani? Nina mitutu kule nyuma inamngojea."

Mjomba Damien alikuwa amemgeukia Alfayo.

"Kijana. Mi nilisema nini?"

"Mjomba, wallahi, sijaipeleka popote!"

"Mukristo, na unaapa wallahi."

"Nimeshtuka! Haikuwa hivi. Ilikuwa na mabaka, ilikuwa... Mum, si uliiona?"

"Alfayo," Orpha akasema taratibu. "Kama uliipeleka kwa fundi ili ipendeze, sema. Hiyo si kitu. Lakini sema."

"Sijaipeleka, babe. I swear."

"Basi imejipaka," Mjomba Damien akasema. Akachukua kofia yake mezani. "Mama Alfayo, asante kwa kuja. Mwanaume anayeficha kutu namna hii, tena kwa kazi nzuri namna hii, huyo anaweza kuficha kitu chochote. Orpha, twende."

Orpha hakusogea, lakini alikuwa anamwangalia Alfayo kwa jicho ambalo Edah hakuwahi kuliona kwake, jicho la kupima. Ndipo Edah alipoona shimo alilojichimbia. Akinyamaza, mwanawe ni mwongo. Akisema, ataulizwa kwa nini, na jibu la kwa nini ni tusi kwa ukoo mzima uliosimama mbele yake na kofia mkononi.

Kwa hiyo alijaribu njia ya katikati, ambayo mara nyingi huwa ni mtaro.

"Labda ni unyevu," akamwambia Sukhjinder kwa Kiingereza. "Birmingham ina unyevu mwingi. Hata sketi yangu moja ilibadilika rangi."

Sukhjinder alikuwa ameinua bastola puani. "Unyevu hauna harufu ya zeituni," akasema. Akachokoa tundu la skrubu kwa kijiti, kikatoka kipunje cheupe, akakitazama chini ya kioo. "Na hii ni chumvi. Chumvi na mafuta ya zeituni. Mtu ameitengeneza kachumbari."

Alfayo akageuka polepole. Alikuwa ameishi na mama huyu maisha yake yote.

"Mathe. Uliniambia inapona."

"Ni mimi!" Edah akasema kwa sauti kubwa, mpaka Sukhjinder akaruka. "Ni mimi, Mjomba. Mtoto hajui kitu. Aliniambia nisiiguse. Nimeiosha mimi, na waya wa sufuria, na chumvi ya maombi, kopo zima la Angeline, mle kwenye kabati la boila. Inatoa damu nasugua. Inatoa nasugua. Mpaka ikaacha."

Orpha akatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya Sukhjinder, ambaye aliketi chini. "Waya wa sufuria," akarudia kwa masikitiko makubwa. "Chumvi. Kwenye kabati la boila. Baba yangu alikufa hajui siri hii."

Lakini Mjomba Damien hakucheka.

"Maombi ju ya nini?" akauliza.

"Maombi tu."

"Mama. Mutu hawezi kusugua chuma kila siku ju ya maombi tu. Uliomba nini?"

Edah akamwangalia Orpha. Alitamani kusema aliombea ndoa, ajali za barabarani, Mfalme na serikali yake. Lakini alikuwa ameona uongo mdogo wa unyevu ulivyomfikisha.

"Niliogopa vita," akasema.

"Vita gani?"

"Vita ya kwenu. Nilifikiri inawafuata. Niliogopa inamfuata Orpha, na sasa ikitoka kwa Orpha itaingia kwa Alfayo. Nikaona bunduki ndiyo mlango wake. Nikaufunga kwa chumvi." Akafuta pua kwa pembe ya leso. "Ndiyo hivyo. Sasa mnaweza kwenda, na mimi nitakwenda kujitupa kwenye mfereji."

"Mathe!" Alfayo akasema, amefunika uso kwa mikono yote.

Mjomba Damien aliigeuza kofia yake mkononi. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaiweka kofia gotini.

"Na ilitoka?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo vita. Ulisema ulisugua. Ilitoka?"

"Ilitoka nyekundu," Edah akasema. "Mwanzo nyingi. Halafu kidogo. Halafu ikaacha."

Mzee akaitazama bastola, na Edah kwa mara ya kwanza akagundua kwamba tangu waingie hakuwa ameigusa hata kwa ncha ya kidole. Kiti chake pia alikuwa amekisogeza mbali nayo.

"Mi nikuambie kitu," Mjomba Damien akasema. "Watu kanisani wanasema Damien amepita vitani. Ni kweli. Nilipita mbio. Mi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Nilikimbia na huyu mutoto mugongoni, na sijawahi kushika bunduki hata moja, na sitaki. Tangu siku nilitaja hii kitu, mi silali vizuri. Nawaza itakaa wapi mu nyumba yangu."

"Sasa uliiomba ya nini?" Edah akauliza, amesahau machozi.

"Ju ya dada yangu! Mama yake Orpha, kule alipo, ataniuliza: mutoto wangu ulimutoa bure? Desturi ni desturi. Ndiyo nikasema iwe na rangi ya kuzaliwa. Nilifikiri, mu Birmingham hii, hawataipata. Wakishindwa, watanipa mbuzi wa badala, na tunakula, na imekwisha." Akamnyooshea Alfayo kidole. "Huyu kijana wako naye anatafuta kama polisi!"

Alfayo alianza kucheka, akaona uso wa Orpha, akaacha.

Sukhjinder hakuwa ameelewa Kiswahili chao, lakini alielewa kwamba hakuna anayeondoka. Akakohoa. "Kuna mahali pamoja sijaangalia," akasema. Akachomoa pini zinazoushika mtutu kwenye mbao, akautikisa kidogo, akaunyanyua kama mtu anayetoa samaki kwenye jani la mgomba. Akaugeuza tumbo juu. Upande ule uliolala ndani ya mbao ulikuwa wa kahawia nyingine, ya utulivu, laini, yenye alama ya kiwanda kama imegongwa jana.

"Hii hapa ndiyo rangi yake ya kuzaliwa," akasema. "Maji ya mama hayakufika. Chini ni kazi ya fundi wa Malkia. Juu ni kazi ya mama Alfayo. Mkitaka niwaandikie hivyo, naandika, na sitasema uongo."

Mjomba Damien akainama kuangalia, mikono nyuma, kama mtu anayechungulia nyoka aliyekufa. Akafikiri.

"Ukoo wangu ulikataza rangi ya kuficha," akasema mwisho. "Hii sasa haifichi kitu. Tunajua nani alipaka, na alipaka na nini, na ju ya nini. Hata ng'ombe hatujui hivyo. Mi nimekubali." Akamtazama Orpha. "Lakini si mimi nilitukanwa."

Wote wakamgeukia Orpha. Edah alijaribu kumwangalia machoni akaishia kwenye vifungo vya koti.

"Mama," Orpha akasema, "ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini, mwanangu?"

"Kama inanifuata."

Edah alijua ni ujinga, lakini alikuwa mama wa kuwaza, na mlango ulikuwa umefunguliwa.

"Inakufuata?"

"Inanifuata nini! Kinachonifuata mimi ni basi la Coventry Road, na hata hilo likinifikia linanipita!"

Alfayo alipasuka. Sukhjinder, aliyesikia Coventry Road na basi, akaelewa vya kutosha, naye akacheka mpaka miwani ya shingoni ikagonga meza. Orpha alicheka pia, lakini alipomaliza alimshika Edah kiwiko, akakibana kuliko salamu ya kawaida.

"Siku nyingine mama akiniogopa," akasema kwa sauti ya chini, "aniambie mimi. Asimwambie Mama Angeline. Mama Angeline ana kopo kubwa."

"Sitarudia."

"Atarudia," Alfayo akasema.

"Nitarudia," Edah akakubali, "lakini nitakuambia kwanza."

Kukabaki jambo la kuipeleka Small Heath. Mjomba Damien, mwenye mali sasa, alisema mkono wake una baridi yabisi. Alfayo alisema yeye ndiye mtoaji, mtoaji hawezi kubeba alichokwisha kutoa. Edah akafunga leso, akarudisha maandazi na mwavuli juu, akabeba. Kwenye basi mzee alipanda ghorofa ya juu, akawaacha wao chini, na kila kituo alichungulia ngazini kuona kama bado wapo wote.

Nyumbani kwake alimwonyesha mahali, juu ya kabati la nguo, ndani ya sanduku tupu, sanduku ndani ya gunia. Kisha akasimama katikati ya sebule, mrefu, koti bado mwilini, akikunja na kukunjua kofia.

"Harusi mwezi wa nane," akasema. "Lakini mama, hii nyumba yangu uliiombea kwa mbali, ukiwa umefunga mulango. Sasa uko ndani. Iombee tena, tusikie."

Alfayo akapiga magoti haraka, kama mtu anayejua mama yake huwa anachukua muda gani. Orpha akampokea Edah mkoba. Edah akafumba macho, akafungua mdomo, akakuta hajui aanze na jina la nani. Aliomba siku zile zote juu ya chuma akisema "hao watu", "hao watu", na hakuna hata siku moja aliyotaja mtu.

Akafungua macho.

"Kwanza niambieni majina," akasema. "Yote. Na ya wale mliowaacha kule."

Mjomba Damien akavua koti, akaketi, akaanza na la dada yake. Yalikuwa mengi, na chai aliyoiweka Orpha mezani ikapoa bila mtu kuigusa.